Nyumba Iliyonyamaza: Taswira, Hisia na Dhamira katika Al-Inkishafi



1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisahihisha karatasi za mtihani wa ushairi. Swali lilimtaka mtahiniwa aeleze jinsi mtunzi wa Al-Inkishafi anavyotumia taswira. Mtahiniwa mmoja alijibu kwa ustadi wa aina yake. Alitaja tashibiha nne, istiari tatu, tashihisi moja na takriri mbili. Akafafanua maana ya kila tamathali. Kisha akahitimisha kwamba tamathali hizo zimeupamba utungo na kuufanya uvutie. Nilimpa alama nzuri, kwa kuwa mwongozo wa usahihishaji ulinitaka nifanye hivyo. Lakini usiku ule sikuwa na raha. Katika kurasa zake nne hapakuwa na taa hata moja iliyowaka wala iliyozimika. Hapakuwa na popo, wala kidaka, wala mtu aliyeogopa kupita mlangoni. Kijana yule alikuwa ameuhesabu utungo bila kuuona. Na sisi walimu wake ndio tuliomfundisha kuhesabu.

Mhadhara huu ni jaribio la kulipa sehemu ya deni hilo. Nia yangu ni kuonyesha kwamba taswira si pambo linalobandikwa juu ya dhamira iliyokwisha kuwa tayari. Katika Al-Inkishafi taswira ndiyo inayobeba hisia, na hisia hiyo, mara kwa mara, inakwenda kinyume na mafundisho yanayotamkwa waziwazi. Mtunzi anautaka moyo wake uidharau dunia. Hata hivyo, picha anazozichora zinatoka katika jicho la mtu aliyeipenda dunia hiyo, akaijua chumba kwa chumba, akaililia. Ninadai kwamba mvutano huo kati ya kauli na picha si dosari ya utungo. Huo ndio utungo wenyewe.

Sitanukuu beti katika mhadhara huu. Wengi wenu mnazo nakala, na wasio nazo ninawaomba wazitafute. Nitasimulia kwa maneno yangu yale ambayo mtunzi anatuonyesha, kisha nitauliza yanatufanyia nini.

2.0 Juu ya istilahi

Kabla ya kuingia katika mada hatuna budi kukubaliana juu ya maneno. Katika uhakiki wa Kiswahili neno "taswira" limetumika kwa maana mbili zinazochanganywa mno. Maana ya kwanza ni picha yoyote inayojengeka akilini mwa msomaji kutokana na maneno yanayogusa hisi zake: kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Maana ya pili ni jumla ya tamathali za ulinganishi, yaani tashibiha, istiari na jamaa zake. Wenzetu wa Kenya wana pia neno "jazanda", ambalo aghalabu hulitumia kwa picha yenye maana iliyofumbwa ndani yake.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Anayeshika maana ya pili peke yake atatafuta maneno "kama" na "mithili ya", na mahali yasipokuwapo atapita haraka. Sehemu yenye nguvu kuliko zote katika Al-Inkishafi haina ulinganishi mwingi. Mtunzi hasemi kwamba nyumba ni kama kitu fulani; anasema nyumba ilikuwa na nini, na sasa ina nini. Taa ni taa, popo ni popo. Mtahiniwa wangu aliipita sehemu hiyo kwa sababu orodha yake ya tamathali haikuwa na jina la kuipa. Kwa hiyo, leo nitalitumia neno "taswira" kwa maana ya kwanza, iliyo pana zaidi.

3.0 Mtunzi, mji na nyakati

Al-Inkishafi ni utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, anayekadiriwa kuwa aliishi kati ya miaka ya 1720 na 1820. Alitoka katika ukoo wa masharifu, na huyo huyo ndiye anayetajwa kuwa mtunzi wa takhmisa ya Liyongo. Neno "inkishafi" linatokana na Kiarabu, nalo lina maana ya kufunuliwa: kuondolewa kifuniko ili kilichokuwa ndani kionekane. Utungo una beti zisizofikia themanini, idadi ikitofautiana kidogo kati ya hati na hati. Kila ubeti una mishororo minne. Mitatu ya kwanza inashirikiana kina, na wa nne unafunga kwa silabi moja inayorudi tangu mwanzo hadi mwisho wa utungo.

Hati zake zilinakiliwa kwa mkono katika herufi za Kiarabu kwa vizazi kadhaa. Tafsiri ya W. E. Taylor ilitoka katika kitabu cha C. H. Stigand juu ya lahaja za Kiswahili, kilichochapishwa mwaka 1915, na mwaka 1939 William Hichens alitoa toleo lililouvusha utungo hadi kwa wasomaji wa mbali. Haifai kuyataja majina hayo bila kumtaja Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi, mchongaji na mnakili hodari, ambaye kalamu yake iliziokoa tungo nyingi za kaskazini. Mwaka 1977 James de Vere Allen alitoa toleo jingine, lenye ujuzi mkubwa wa majumba na vyombo vya visiwa vya Lamu.

Pate yenyewe ilikuwa dola. Katika karne ya 17 na ya 18 ilifanya biashara na Arabuni na Bara Hindi, na watu wake wenye mali waliishi katika majumba ya mawe yaliyopakwa chokaa. Baadaye vita vya ndani vya kugombea utawala, na ushindani na Lamu, viliidhoofisha. Katika vita vya Shela, yapata mwaka 1812 au 1813, jeshi la Pate lililoshirikiana na Wamazrui wa Mombasa lilishindwa na watu wa Lamu. Baada ya hapo Pate haikurudia ukubwa wake. Inafikiriwa kwamba Al-Inkishafi ilitungwa katika kipindi hicho cha machweo.

Hapa hutokea hoja ambayo lazima ijibiwe mapema. Baadhi ya wahakiki wanatukumbusha, na wana haki, kwamba kuyalilia magofu si jambo lililobuniwa Pate. Washairi wa Kiarabu wa kabla ya Uislamu walianza kasida zao kwa kusimama penye mabaki ya kambi ya mpenzi aliyehama. Kurani inawataja watu wa Adi na Thamudi ili wasikiaji wazingatie. Katika karne ya 12 Khaqani, mshairi wa Kiajemi, aliyalilia magofu ya majumba ya wafalme huko Madain. Basi, je, Sayyid Abdalla hakuwa akifuata desturi tu?

Jibu langu ni kwamba alifuata desturi kama fundi anavyofuata ramani ya nyumba. Desturi ilimpa swali la kuuliza: wako wapi waliokuwa hapa? Haikumpa vidaka. Haikumpa vyango vya saji na abunusi. Vitu hivyo alivikuta Pate.

4.0 Kutoka baharini hadi nyumbani

Tuutazame sasa mpangilio wa taswira. Mtunzi anaanza kwa picha ambazo mtu yeyote wa pwani angezielewa. Dunia ni bahari iliyochafuka, yenye matumbawe na miamba; anayeipanda kwa tamaa hapati faida. Dunia ni kisima chenye ng'ombe mkali mdomoni pake, kwa hiyo hakuna anayekunywa maji yake. Dunia ni vumbi linalong'aa katika mwali wa jua: mkono ukilikamata, unafumbata utupu. Dunia ni mazigazi, na mwenye kiu anayakimbilia mpaka anapogundua kwamba alikuwa akilikimbilia jua. Dunia ni mzoga, na wanaougombania ni mbwa. Na uhai wa binadamu ni taa iliyowekwa penye upepo, haizuiliki kuzimika.

Picha hizi ni nzuri, lakini hisia zake ni za mtu anayeonya. Ziko nje, mbali na sebule. Zinamwambia moyo: jihadhari. Isitoshe, kila moja inasimama peke yake kama methali. Unaweza kuiondoa na kuitia mahali pengine isivunjike. Kama utungo ungeishia hapo, tungekuwa na waadhi ulio bora, nasi tungeuheshimu kama tunavyouheshimu waadhi mwingine mwingi.

Lakini taa ile penye upepo haiachwi. Baada ya kuutajia moyo mifano ya wakubwa waliopita, akiwemo Nabii Suleimani na ufalme wake, mtunzi anaingia katika nyumba za watu wa mji wake, na taa inarudi. Safari hii si taa ya mfano. Ni taa za bilauri na za shaba, zilizowashwa katika majumba ya Pate, nazo ziliugeuza usiku kuwa mchana. Msomaji aliyekwisha kuambiwa kwamba taa ya upepo haizuiliki kuzimika anaziona taa hizi zikiwaka, na tayari moyo wake umeingia baridi. Mtunzi hahitaji kusema lolote zaidi.

Jambo jingine la namna hiyo halikunijia katika usomaji wa kwanza wala wa kumi. Majumba ya mawe ya pwani yalijengwa kwa matumbawe yaliyokatwa na kuunganishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe. Sasa rejeeni picha ya kwanza: dunia ni bahari yenye matumbawe yanayovunja vyombo. Mtunzi hauelezi uhusiano huo, wala sidai kwamba aliupanga. Ninachosema ni kwamba msikilizaji wa Pate alilala, akala na kuzaliwa ndani ya kuta za matumbawe. Alipoambiwa juu ya mwamba unaovunja jahazi, kitu hicho hakikuwa mbali naye hata kwa urefu wa mkono.

5.0 Nyumba inayosema na nyumba iliyonyamaza

Tufike sasa kwenye kiini cha utungo. Mtunzi anatuonyesha nyumba ile ile mara mbili.

Mara ya kwanza imejaa. Taa zinawaka. Vidaka vimepangwa sini teule, yaani vyombo vya kauri vya Uchina, na katikati yake kuna vyombo vya kioo vinavyometa. Vyango vya kutundikia mapambo ni vya saji na abunusi, safu juu ya safu. Ukumbi wa wanaume unavuma mazungumzo. Upande wa wanawake kuna vicheko. Sauti za watumwa na wafanyakazi zimepanda kwa furaha. Wenye nyumba wakienda kulala wanakandwa, wanapepewa, na wanawake wanawaimbia mpaka usingizi uwachukue. Vitanda ni vya mbao za thamani, vina mito na matandiko yaliyotiwa nakshi, na manukato yamenyunyizwa.

Mara ya pili nyumba ni tupu. Popo wananing'inia. Hakuna mnong'ono wala ukelele. Buibui wanatambaa juu ya vitanda. Vidaka vya sahani vimekuwa viota vya makinda ya ndege. Bundi analia ndani, njiwa pori wanalia, mende wanavuma katikati ya nyumba na nyenje wanalia kumbini. Nje majani na miiba vimefunga ua. Mpita njia anauogopa mlango kwa sababu ya giza na kimya kilichotanda.

Ninaomba tuangalie kilichofanyika hapa. Mtunzi hakubomoa nyumba. Hatuonyeshi kuta zilizoanguka kwanza, ingawa gofu lolote lina kuta zilizoanguka. Ameiacha nyumba na mpangilio wake, akabadilisha wakazi. Kila nafasi iliyokuwa na mtu au chombo ina mkazi mpya, na mkazi huyo anafanya, kwa namna ya dhihaka, kazi ya yule aliyetangulia. Ukumbi uliovuma watu unavuma mende. Kitanda kilichotandikwa nakshi kimetandikwa utando. Kidaka kilichohifadhi kauri kinahifadhi yai. Palipokuwa na nyimbo za kubembeleza usingizi kuna bundi.

Zaidi ya yote, tusikilize. Wahakiki wengi wameisifu sehemu hii kwa picha zake za macho, lakini nguvu yake kubwa iko masikioni. Nyumba ya kwanza ina tabaka za sauti: mazungumzo, kicheko, kelele za kazi, wimbo. Nyumba ya pili nayo ina tabaka za sauti, na hapo ndipo penye uchungu. Ukimya wa gofu si ukosefu wa sauti. Ni kuwapo kwa sauti zisizokujua jina. Aliyewahi kurudi katika nyumba ya wazazi wake baada ya wao kufariki anaelewa ninalolisema: mlango unalia vile vile, lakini haumlilii mtu.

Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamivu nilifika Pate. Kijiji kilikuwa hai, na magofu yalikuwa kando yake, tumbaku ikipandwa kati ya kuta. Katika chumba kimoja kisicho na dari nilikuta ukuta wenye safu za vidaka, chokaa yake bado nyeupe mahali mvua isipofika. Nilitia mkono katika kimojawapo. Kilikuwa kifupi kuliko nilivyodhani. Kilitosha bakuli, hakikutosha mtungi. Nilikuwa nimesoma neno hilo kwa miaka saba na kulifafanua darasani bila kujua ukubwa wake. Siku ile nilielewa kwamba sahani zile hazikuwekwa pale ziliwe. Ziliwekwa zitazamwe, kila moja katika mlango wake mdogo, kama wageni waliopangwa barazani. Kuingia kwa ndege katika mlango huo ni kuingia mahali palipotengwa kwa heshima. Tangu hapo ubeti ule sijausoma tena kama nilivyousoma zamani.

Wanaakiolojia wanaochimba katika maeneo ya kale ya pwani, Pate na kwingineko, hupata vigae vya kauri ya Uchina. Udongo, basi, unaushuhudia utungo. Lakini vigae vinatuambia kwamba sahani zilikuwapo na zilivunjika. Ni utungo peke yake unaotuambia kwamba kuna mtu aliyesikitika.

6.0 Sarufi ya majonzi

Kwa kuwa mimi ni mwanaisimu, ninaomba ruhusa ya kusema machache juu ya sarufi, kwani taswira haikai hewani. Inakaa katika vitenzi.

Lahaja za kaskazini zilihifadhi umbo la kitenzi ambalo Kiswahili sanifu kimeliacha, nalo ni umbo timilifu lenye kiambishi tamati, kama "-ile" au "-iye". Umbo hilo halisemi tu kwamba tendo limepita. Linasema kwamba tendo limekwisha na hali iliyotokana nalo ingalipo. Ndege hawakulala kidakani siku moja. Wamelala, na sasa tunapozungumza wamo. Mtunzi anapohama kutoka nyumba iliyojaa kwenda nyumba iliyo tupu, anahama pia kutoka vitenzi vya mazoea yaliyopita kwenda vitenzi vya hali iliyopo. Sherehe ilikuwa ikitokea, uharibifu upo.

Nilisema awali kwamba kila ubeti unafunga kwa silabi moja. Silabi hiyo ni "-ye". Mara nyingi, ingawa si kila mara, inatokana na umbo hilo hilo timilifu. Kwa hiyo sikio la msikilizaji linapata, mwishoni mwa ubeti baada ya ubeti, mlio ambao katika lahaja yake unafungamana na jambo lililokwisha na kutulia. Watu wanakifikiria kina kama urembo wa sauti. Hapa kina kinashirikiana na popo na buibui kusema neno moja: imekwisha, na ndivyo ilivyo.

Ndiyo maana nina mashaka na desturi ya kuusanifisha utungo huu ili wanafunzi wauelewe kwa urahisi. Tukiweka "-me-" mahali pa "-iye", maana ya kamusi inabaki, lakini kengele haigongi tena.

7.0 Wanaoulizwa na wasioulizwa

Baada ya nyumba mtunzi anauliza swali la desturi: wako wapi? Anawauliza mabwana, wakubwa na waheshimiwa wa mji. Na miongoni mwao anamtaja kwa jina Ali bin Nasir, baba yake mzazi, pamoja na jamaa wengine wa ukoo. Hapa kinachofunuliwa si dunia tena. Ni mwana anayemwita baba yake kati ya magofu. Jibu ni kwamba wamo katika vyumba vya mchanga, chini ya ardhi, wala hawana mito. Taswira ya chumba na kitanda imefika mwisho wake, kaburini. Kutoka hapo mtunzi anakwenda kwenye adhabu za Jahanamu, na utungo unarudi kuwa waadhi.

Lakini uaminifu wa kihistoria unanilazimisha niseme jambo jingine. Katika nyumba iliyojaa tulizisikia sauti za watumwa. Furaha yao imehesabiwa kati ya neema za nyumba, sambamba na sini na taa. Orodha ya wanaoulizwa inapofika, mimi sikuwaona. Nani aliziwasha taa zile zilizougeuza usiku kuwa mchana? Nani aliyewapepea waliolala? Walikwenda wapi nyumba ilipofungwa? Utungo hauulizi.

Sisemi haya ili kumhukumu mtu wa karne ya 18 kwa mizani ya leo. Ninayasema kwa sababu taswira, ikisomwa kwa makini, hufunua hata kile ambacho mchoraji wake hakukusudia kukifunua. Mtunzi aliwatia watumwa katika picha kwa kuwa nyumba bila sauti zao isingekuwa imejaa. Kwa kufanya hivyo ametuachia ushahidi: dunia aliyoipenda na kuilaumu ilisimama juu ya mikono ya watu hao. Msomaji wa leo anayo haki, na pengine wajibu, wa kuongeza swali moja katika orodha ya maswali ya Sayyid Abdalla.

8.0 Taswira inayofunua na taswira inayofunika

Ili kuonyesha kwamba uhusiano wa picha na hisia si wa namna moja, niruhusuni niruke zaidi ya karne moja na nusu, na kushuka hadi Mombasa. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu, kuanzia mwaka 1969, kwa sababu ya waraka wake wa mwaka 1968 ulioitwa Kenya: Twendapi? Gerezani alitunga kwa siri mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Katika mkusanyo huo kuna shairi juu ya mamba, na jingine ambamo watu wawili wanabishana juu ya mnazi.

Mnazi ule ni mnazi kweli: una shina, una nazi, una mwenye kudai kwamba ni wake. Lakini msomaji wa Kenya ya wakati ule hakuwa na shida ya kuona kwamba ubishi juu ya mti mmoja unaweza kuwa ubishi juu ya nchi nzima. Mshairi aliyeadhibiwa kwa kusema waziwazi alihitaji pazia, na picha ikawa pazia.

Kwa Sayyid Abdalla hali ni kinyume. Hakuna serikali anayoificha siri. Anayetaka kumfunulia ni moyo wake mwenyewe, ambao hautaki kuona. Na jina la utungo limetangaza kazi hiyo. Katika Sauti ya Dhiki hasira inajificha ndani ya picha ili ifike salama. Katika Al-Inkishafi majonzi yanatoroka kupitia picha, hali mafundisho yamewekwa mlangoni kuyazuia. Mhakiki anayeandika katika tungo zote mbili kwamba "istiari imetumika kuupamba utungo" hajasema lolote juu ya hata moja.

9.0 Hitimisho

Nirudi kwa mtahiniwa wangu. Nikipata nafasi ya kumfundisha upya, sitaanza na majina ya tamathali. Nitamtaka ajibu maswali matatu mbele ya kila taswira. Kwanza, kitu hiki ni kitu gani hasa: kikubwa kiasi gani, kimetengenezwa kwa nini, kilikaa wapi, nani alikigusa? Pili, kinaingia katika hisi ipi, na hisi hiyo inaamsha hisia gani? Tatu, hisia hiyo inakubaliana na kauli ya mtunzi, au inaipinga? Majina ya tamathali yatakuja baadaye, kama jina la mgeni linavyokuja baada ya kukaribishwa.

Swali la kwanza lina haraka kuliko mengine. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kuta zikihifadhiwa na maneno yakipotea, tutakuwa tumehifadhi nusu. Neno "kidaka" limo katika kamusi zetu, na maelezo yake yanatosha mstari mmoja. Wanafunzi wetu wengi hawajapata kukiona, na kila mwaka wazee wanaoweza kueleza kilipangwaje, na nani, wanapungua. Siku neno hilo litakapokuwa sauti tupu, ndege atakayelala ndani yake hatamhuzunisha mtu. Utungo utabaki na mafundisho yake yote, nao utakuwa umekufa.

Sayyid Abdalla aliuambia moyo wake kwamba nyumba haifai kupendwa, kwa kuwa itakwisha. Kisha akaikumbuka kidaka kwa kidaka, taa kwa taa, sauti kwa sauti, kwa uaminifu ambao hakuna achukiaye anaoweza kuwa nao. Nyumba zile zimenyamaza. Lakini kwa sababu alizitazama kwa namna ile kabla ya kuziaga, sisi tuliozaliwa karne mbili baadaye bado tunaweza kusikia watu wakizungumza ukumbini.

Ninawaomba wanafunzi waliopo hapa, watakapofungua tena utungo huo, wasianze kuhesabu. Waingie ndani kwanza, wasimame, wasikilize.